Nusu Shari kwa Nani?

Kwa mtu wa Likoni, ng'ambo ziko mbili. Ya kwanza ni kisiwani, dakika chache juu ya feri, Mungu akijalia injini isizime katikati ya mkondo. Ya pili ni huku tuliko sisi, Uingereza, kwenye ukungu na zamu za usiku. Mwezi uliopita ng'ambo hizo mbili zilikutana ndani ya simu yangu.

Ilikuwa Alhamisi baada ya Isha. Mama yangu mdogo, mkaazi wa Shika Adabu, alikuwa ameanguka uani, upande mmoja wa mwili umelala. Binamu yangu alimpakia kwenye tuktuk hadi kivukoni, wakangoja feri, wakavuka, wakatafuta gari jingine upande wa pili. Hospitali waliyofikia sitaitaja. Karani wa mapokezi aliingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasoma, akasema maneno mawili: "Amesajiliwa. Hajalipa." Kompyuta yamjua mama mdogo kwa jina, kwa tarehe ya kuzaliwa na kwa alama ya kidole. Bima ndiyo isiyomjua.

Asubuhi yake orodha ikaanza kwenye kundi letu la WhatsApp, kama ilivyo ada. Wa kwanza pauni 20, wa pili pauni 30, wa tatu "nitatuma nikilipwa, inshallah". Kufikia Jumamosi bili imelipwa. Mama mdogo yuko nyumbani, anajifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kila msomaji wa jarida hili ana Alhamisi yake kama hiyo, kwa hiyo sitarefusha.

Lililonifanya nishike kalamu ni kikao cha jumuiya yetu Jumapili iliyofuata. Tuliitwa kujadili hesabu za mwaka na ukumbi wa Idd. Tukaishia kwenye SHA, bima mpya ya afya ya Kenya. Binti mmoja wa Mishomoroni, muuguzi, alisimama akasema kwamba tangu azaliwe serikali za Kenya zimekuwa zikitupa nusu ya kila kitu kisha zikitudai shukrani nzima, na kwamba yeye amechoka kushukuru. Mzee mmoja wa Chaani akamjibu bila hata kuinuka kitini: "Mwanangu, nusu shari kuliko shari kamili." Ukumbi ukagawanyika hapo hapo, chai ikapoa. Bodi ya jarida imeniomba niandike msimamo wetu, na nadhani hautampendeza yeyote kati yao wawili.

Binti ana haki ya kuchoka. Mwaka 1965 serikali changa ya uhuru ilifuta ada ya shilingi 5 ya matibabu ya wasiolazwa. Mwaka uliofuata ikaunda NHIF, mfuko wa bima kwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwenda juu, fedha ambazo kuli wa Kilindini enzi hizo alizisikia tu. Tangu mwanzo, basi, milango ilikuwa miwili. Mwishoni mwa 1989, mikopo ya nje ilipokuja na masharti yake, ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Watu wakapiga kelele, zikasimamishwa 1990, kisha zikarejeshwa kidogo kidogo. Mwaka 2004 zikashushwa: shilingi 10 kwenye zahanati, shilingi 20 kwenye kituo cha afya.

Mwaka huo huo wa 2004 ndio uliotaka kubadilisha mambo. Charity Ngilu, waziri wa afya, alipeleka bungeni mswada wa mfuko wa kitaifa wa kumtibu kila Mkenya: wenye mishahara wachangie, serikali imlipie asiyejiweza. Bunge likaupitisha mwezi Desemba. Rais Kibaki hakuutia sahihi. Hazina ilisema fedha hazipo, waajiri na kampuni za bima za kibinafsi hawakuutaka, na ndani ya serikali hiyo hiyo walikuwamo waliokuwa wakiuombea dua mbaya. Ukarudishwa bungeni, ukafia kwenye faili.

Mzee wa Chaani huutumia mkasa huo kama onyo: aliyetaka yote alikosa yote. Binti wa Mishomoroni huutumia kama shtaka: waliua kizima ili watulishe makombo. Mimi naona wote wawili wameruka jambo moja. Walipokaa kuvutana juu ya mswada ule, Hazina ilikuwapo, waajiri walikuwapo, wenye bima walikuwapo. Mama wa mahamri wa Mtongwe hakuwa na kiti. Mapatano yakiandikwa, huandikwa kwa mkono wa waliohudhuria, na sehemu inayokatwa huwa ya yule aliye nje akingoja kuitwa.

Ndiyo maana sikubali swali lenyewe, la kama tuafikiane au tukatae. Siasa bila mapatano haijapata kuonekana, si Mombasa wala kwingineko. La kuuliza ni kisu kimepita wapi. Ukiwa na sufuria dogo na wageni wengi, waweza kupunguza sahani, kila mtu akala kidogo. Au waweza kujaza sahani na kuwafungia mlango nusu ya wageni. Njia zote mbili huitwa nusu. Hazilingani.

Tazama Linda Mama. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure kwenye hospitali za umma, baadaye mpango ukapewa jina hilo na kuwekwa chini ya NHIF. Kasoro zake twazijua sote: hospitali zilicheleweshewa fedha, wazazi waliagizwa glavu na pamba dukani. Lakini mwanamke wa Bamburi au Miritini alipofika na uchungu hakuulizwa amechangia miezi mingapi. Mpango ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mzima. Sasa umeingizwa ndani ya SHA kwa jina la Linda Jamii, na anayejifungua anatakiwa awe amesajiliwa na mchango wake uwe umelipwa. Jina limekuwa kubwa, mlango umekuwa mwembamba. Hapo binti wa Mishomoroni hakukosea hata neno.

Na SHA yenyewe? Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi sheria 4 za afya. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria za msingi kati yake zinakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo mpya ukachukua nafasi ya NHIF. Haki yake tuipe. Chini ya NHIF mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikatwa 1,700 kwa mwezi, na mwenye milioni moja alikatwa 1,700 hiyo hiyo. Sasa kila mmoja hukatwa asilimia 2.75 bila kikomo. Mwenye 30,000, aliyekuwa akitoa 900, hutoa 825. Mwenye milioni hutoa 27,500. Wengi wetu tulililia hilo miaka nenda miaka rudi, na limekuja. Asiyeweza kulitaja jema hili asitarajie kusikilizwa akitaja mabaya.

Mabaya yenyewe yako kwa wasio na mshahara, yaani watu wetu. Wao hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 3,600. Mbunge huko Nairobi halipi mwaka mzima kwa mkupuo. Yeye hukatwa mwezi kwa mwezi, hata hahisi. Kibarua wa Changamwe, anayelipwa jua likizama, ndiye anayeambiwa alete ya miezi 12. Na tukumbuke ni Changamwe ipi tunayoizungumzia. Reli ya SGR ilipoanza 2017 na mizigo ya bandari ikalazimishwa kupanda treni, malori yalilala, gereji zikafungwa, na mama waliowapikia madereva wakakunja majamvi. Serikali imeona tatizo: mwaka 2025 ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ndani yake ni mkopo. Maskini akope ili apate bima ya kumkinga na madeni. Jina, hata hivyo, ni zuri.

Kiwango chenyewe hupangwa kwa maswali: kuta za nyumba ni za nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, unapikia nini. Sijui ni nani aliyefikiri maswali hayo yatamfaa mtu wa Kisauni. Bibi mjane amerithi nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, kuta za mawe, ukumbi katikati. Ukimwangalia kwa kuta zake ni tajiri. Lakini ukuta haupikwi, na kwetu nyumba yaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mwingine, kila mwezi ukakilipia kodi.

Sasa rudini kivukoni. Watu wa miguu huvuka bure feri ya Likoni, wala halijawahi kuja swali la choo chako ni cha aina gani. Mwenye gari hulipa, mwenye miguu hupita. Maelfu kwa maelfu kila siku: karani, kuli, mwanafunzi, mwizi wa mifukoni, imamu. Feri ni kuukuu, zinajaa, zinakwama, tumezika watu kwa ajili yake, na ile iliyozama Mtongwe 1994 twaikumbuka kwa machozi. Lakini kanuni yake ni nzima: chombo ni cha wote, gharama hubebwa na mwenye uwezo na kodi ya umma. Kila ninaposikia wataalamu wakisema Mwafrika hajazoea huduma ya umma isiyodai senti mlangoni, hutamani niwapeleke Likoni saa 12 asubuhi.

Nchi hii tunayoishi ilianza NHS, huduma yake ya afya ya umma, tarehe 5 Julai 1948. Miaka mitatu haikutimia, serikali ya chama kile kile kilichoianzisha ikataka watu walipie meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeijenga, akajiuzulu uwaziri Aprili 1951. Hakurudishiwa alichotaka, ada za dawa zikafuata, na leo hapa England kila dawa iliyo kwenye cheti ni pauni 9.90. Lakini angalieni kisu kilipita wapi: kwenye meno, miwani na dawa, wala hakikumzuia mtu mlangoni. Ilibidi wageni tuje ndipo mlango ulindwe: mtu mzima anayeomba viza ya kuishi hapa hulipa pauni 1,035 kwa mwaka kwa ajili ya NHS, juu ya kodi anayokatwa kama wenzake. Wauguzi wetu wamesamehewa, baada ya zogo la 2020 kuhusu ada hiyo. Mke wa mhasibu hakusamehewa.

Ndugu zetu wa Marekani nao wana hadithi yao. Sheria ya Obama ya afya ya 2010 ilipita baada ya bima ya serikali kunyofolewa ili kura 60 za Seneti zitimie. Wapenda mageuzi walikasirika, wengine wakataka mswada uachwe ufe. Kisha mwaka 2012 mahakama ikaziachia serikali za majimbo hiari ya kupanua bima ya maskini. Minnesota ilipanua, Texas haijapanua hadi leo. Ndugu wawili wa tumbo moja wa Magongo, mmoja Minneapolis na mmoja Houston, kipato sawa, mmoja ana daktari na mwingine ana dua.

Nimefika kwetu sisi, na hapa ndipo mzee na binti wote watanuna. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na sehemu ya fedha hizo ni bili za hospitali. Orodha yetu ya WhatsApp ni mfuko wa afya usio na sheria wala bodi, na kwa kuwa unafanya kazi, mheshimiwa hulala usingizi. Watu wa mama mdogo hawakupiga simu kwa mbunge. Walinipigia mimi. Sisi ndio tunaoifanya nusu shari ivumilike, na hatujawahi kumpelekea mtu hesabu yake.

Bodi inapendekeza hivi. Nusu ya mfuko wa dharura wa jumuiya yetu itumike mapema kulipia SHA ya mwaka ya wazee wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kuanzia wajane. Binti atasema tunalisha mfumo mbovu. Kweli, tunaulisha, kwa sababu kiharusi hakingoji mfumo mzuri. Na kila bili tutakayolipa kwa nusu ile iliyobaki, nakala yake, bila jina la mgonjwa, iende ofisi ya mbunge wa eneo na kwa mwakilishi wa wadi, pamoja na barua ya ukurasa mmoja yenye madai yale yale kila mara: mchango wa wasio na mshahara ulipwe kwa mwezi bila mkopo, uzazi urudi kuwa bure bila sharti la mchango, na wasiojiweza walipiwe wote na serikali kama sheria inavyosema, badala ya baadhi yao tu. Mzee atasema barua hazijengi nchi. Pengine. Lakini huko nyuma tulikosa kiti, na barua ya kila mwezi yenye risiti ndani ni ngumu kuitupa kuliko kelele za ukumbini.

Kura itapigwa kikao kijacho. Anayetaka mzazi wake awe kwenye orodha alete namba ya kitambulisho chake na mtaa anaoishi.

Mama mdogo nimekwisha kumlipia, kwa fedha zangu. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yake alinipigia, sauti bado nzito upande mmoja, akaniuliza kama sasa atatibiwa hapo hapo Likoni, au bado itabidi avuke. Nikamwambia nitauliza.