Kadi ya ligombo imetolewa kwenye boksi



Nimerudi jana kutoka Iringa na kuna jambo linaniwasha, bora niliseme.

Nina marafiki wawili walimu wa sekondari, mmoja Mbeya, mwingine Iringa. Walikubaliana wanafunzi wao wa kidato cha tatu wajigawe watano watano, watunge mchezo wa maswali ya muziki, kisha shule zibadilishane maboksi. Kadi za manila, vizibo vya soda vya kutembeza kama kwenye ludo, basi. Mimi, kwa kuwa kiguu na njia, nikafanywa mbeba maboksi.

Mbeya nilikaa kipindi kizima nikitazama. Jamani, kutunga swali ni kazi! Kundi moja liliandika: Remmy Ongala alizaliwa nchi gani? Majibu ya kuchagua: Kongo, China, Marekani, Brazil. Darasa zima likacheka, swali limejijibu lenyewe. Wakarudi mezani, wakaja na Kongo, Zambia, Burundi, Malawi. Hapo ubishi ukaanza, maana kumbe nusu yao walidhani marehemu alizaliwa hapa hapa Bongo. Simu shuleni marufuku, hakuna wa kukimbilia Google. Walibishana kwa hoja mpaka mwalimu akaamua. Niliipenda sana hiyo.

Wenyeji hawakujisahau, bila shaka. Rayvanny na tuzo yake ya BET ya 2017, Sugu aliyetoka kwenye hip hop akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020... kadi kibao. Iringa nao wakajibu mapigo na Ray C, mzaliwa wa kwao. Sawa, kila mtu na timu yake.

Sasa njoo Iringa. Binti mmoja aliandika: Ligombo ni nini? Ngoma, filimbi, njuga au ala ya nyuzi? Alikuwa amemuuliza babu yake kijijini. Kwa msioijua, ni ala ya nyuzi ya Wahehe, mti unaochongwa kama hori na nyuzi zinapita juu yake. Wenzake wote wanne kwenye kundi hawakuijua, na watatu kati yao ni Wahehe! Kadi ikafika kwa mwalimu kukaguliwa. Ikatolewa. Sharti la mchezo ni kwamba jibu lionekane kwenye kitabu au gazeti. "Babu kasema" haihesabiki.

Namwelewa rafiki yangu. Bila sharti hilo kila kundi lingejitungia ukweli wake. Ila tazama linavyofanya kazi: msanii ambaye udaku wake hauishi magazetini anapita bila hata kuulizwa, na ala ya mababu wa Uheheni inakwama mlangoni.

Na ushahidi upo! Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, akarekodi pia ligombo la Wahehe. Rekodi zake zimetunzwa Afrika Kusini, mjini Makhanda, kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha 1954. Yaani mtoto wa Iringa anadaiwa ushahidi ulioko Makhanda, wakati babu yake yuko umbali wa nauli ya Hiace.

Nilimpa mwalimu wazo. Ziwepo kadi za rangi nyingine, ambazo jibu lake linathibitishwa na wazee wawili wa vijiji tofauti, kila mmoja akiulizwa peke yake. Sisi waandishi ndivyo tunavyofanya (au tunavyotakiwa kufanya, tusidanganyane). Akasema atafikiria, kwa sasa mitihani iko karibu.

Binti mwenyewe hakununa wala nini. Alinifuata nikiwa naondoka, akanikabidhi kadi yake. Wiki ijayo napeleka boksi la Iringa kule Mbeya, na njiani, pale Makambako basi likisimama watu wale chipsi, nitaichomeka katikati ya kadi za Ray C. Mwalimu, ukisoma hapa, samahani.