Cheo Hakiendeshi Gari Ugenini

Maofisa na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, hutumwa mara kwa mara katika nchi jirani kwa mafunzo, mikutano na michezo. Baadhi yao hufikia Kigali. Siku ya mapumziko inapowadia, si ajabu wenzi watatu au wanne wakachanga fedha, wakakodi gari, wakaenda Musanze kuitazama milima ya volkano, au wakaendelea hadi Rubavu kwenye Ziwa Kivu. Hilo si kosa. Aliyetimiza wajibu wake anastahili kupumzika. Hata hivyo, tunalo neno la kuwakumbusha: askari akodiye gari ugenini ni mtu kama watu wengine mbele ya sheria za huko, na cheo chake amekiacha mpakani.

Tuanze na barabara yenyewe. Uganda, kama Kenya na Tanzania, huendesha magari upande wa kushoto. Rwanda, Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Avukaye Katuna hubadili upande papo hapo. Pale ambapo barabara huzunguka, jina la kipilefti halifai tena, kwa kuwa magari huzunguka kinyume cha yalivyozoea kwetu. Hatari kubwa haiko katikati ya mji, ambako dereva hufuata magari yaliyo mbele yake. Hatari iko nje ya mji, alfajiri, anapotoka katika kituo cha mafuta na kuikuta barabara tupu. Hapo mkono hufuata mazoea ya miaka 20, na gari huingia upande usio wake. Barabara ya Musanze, ipatayo kilomita 100 kutoka Kigali, imejaa kona na miinuko, na waendesha baiskeli huteremka wakiwa na mizigo mizito. Kosa la nukta moja laweza kumwondoa duniani baba wa watoto ambaye hakuwa na habari nasi.

La pili ni hati ya kukodi. Hakuna askari apokeaye bunduki katika ghala la silaha bila kuikagua, kwa maana akishatia sahihi, kila kasoro ni yake. Gari la kukodi ni vivyo hivyo. Lizungukwe, kila mkwaruzo uandikwe mbele ya mwenye gari, na kiasi cha mafuta kitajwe. Breki, taa, tairi la akiba na jeki vitazamwe. Kisha isomwe bima: inalipa nini, na likitokea la kutokea, ni fedha ngapi zitakazotoka katika mfuko wa aliyekodi? Ni nani anayeruhusiwa kushika usukani? Mwenzi ambaye jina lake halimo katika hati asiendeshe, hata kama ndiye dereva hodari wa kikosi. Wala gari lisivushwe mpaka mwingine bila ruhusa ya maandishi ya mwenyewe na Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya kuvukia mipaka. Kibali cha kimataifa cha udereva chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka mmoja, na huchukuliwa pamoja na leseni ya nyumbani, si badala yake.

La tatu ndilo zito zaidi. Wako wenzetu ambao, wakisimamishwa na polisi wa barabarani, hutoa kitambulisho cha kazi kabla ya leseni. Tabia hiyo ni mbaya nyumbani. Ugenini ni aibu ya taifa. Kamera za barabarani hazisomi nyota za begani. Mkataba wa Vienna wa 1961 wawataka hata mabalozi, wenye kinga, waziheshimu sheria za nchi iliyowapokea. Sembuse mimi na wewe, tuliokwenda kutazama ziwa? Polisi hasa anajua uchungu wa kudharauliwa akiwa kazini. Asimtendee mwenzake yale ambayo yeye mwenyewe asingeyavumilia.

Mgeni aheshimu pia desturi za mwenyeji. Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Wanyarwanda hufanya Umuganda, kazi ya pamoja ya kujenga nchi, na barabara hutulia mpaka kazi iishe. Safari ipangwe baada ya hapo.

Waswahili husema, ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Na asiyeiamini mikono yake upande wa kulia, au aliyekunywa, akodi gari pamoja na dereva wake. Fedha atakazoongeza ni kidogo kuliko gharama ya jeneza, na hakuna atakayemwita mwoga. Ushujaa wa askari ugenini ni kurudi kikosini salama, akiwa ameliacha jina la nchi yake likiwa safi.