Komredi, hayo majarida umeshayalipia

Ni saa nne usiku, uko kwa bedsita yako na bando inaelekea kuisha. Msimamizi amekurudishia sura ya pili ya mradi akisema marejeleo yako yamezeeka. Unapata makala unayoitaka mtandaoni, unabonyeza, unaambiwa ulipe zaidi ya dola 30. Karibu Sh4,000, makala moja! Unafunga laptopu, unarudi kwa ile blogu isiyojulikana mwenyewe ni nani.

Ngoja kwanza. Huenda chuo chako kimeshalipia makala hiyo, na sehemu ya pesa zilitoka kwa karo yako.

Vyuo vingi nchini vimo katika muungano wa maktaba uitwao KLISC, ulioanza 2003. Kazi yake ni kujadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya wanachama, kisha vyuo vinachanga gharama.

Lakini mara nyingi huku si kununua, ni kukodisha. Jarida la karatasi la 1990 bado liko kwa rafu hata kama chuo kiliacha kulilipia zamani. La kielektroniki ni kama nyumba: usipolipa, unaweza kukuta kufuli mlangoni, hata kwa matoleo ya nyuma.

Na pesa zikipungua, mkutubi ataamua vipi kipi kikatwe? Moja ya mambo anayoangalia ni idadi ya makala zilizofunguliwa. Ukiingia kupitia chuo, unahesabiwa. Ukitumiwa PDF hiyo hiyo kwa Telegram, huhesabiwi. Kwa takwimu zake wewe hupo, na jarida lako linaonekana halina msomaji.

Mimi nilimaliza mwaka wa nne bila kujua kuwa ningeweza kuyasoma nikiwa nje ya chuo. Ukiwa kampasi, mfumo unatambua intaneti ya chuo na kukufungulia. Ukishatoka geti, unahitaji akaunti na paswadi ya maktaba. Nani alituambia? Siku ya kukaribishwa tulionyeshwa rafu, tukakatazwa kula humo ndani, basi. Kwa hivyo wakutubi nao wasituambie eti vijana hawapendi kusoma. Kulipia kitu mwaka mzima halafu usiwaambie wenyewe kipo, hiyo ni nini?

Kesho beba kitambulisho, nenda kwa dawati la maktaba, sema unataka kuingia ukiwa nyumbani. Uliza pia ni majarida gani yamelipiwa mwaka huu na gani yameachwa. Na yule mwaniaji anayetaka kura yako kwa ahadi ya Wi-Fi hosteli, muulize swali hilo hilo uone kama ana jibu.

Ukikosa kabisa, JSTOR inakuruhusu kufungua akaunti ya bure na kusoma hadi makala 100 kwa mwezi. Hiyo unaweza kuanza nayo usiku huu, kabla bando haijaisha.