Paa na Kazi Yake

Wako watu wasemao kuwa bustani juu ya paa la chuo kikuu ni upuuzi wa wenye mali. Husema kuwa mtu wa Mraru, atembeaye juani kutafuta dumu la maji, hana haja na maua yapandwayo angani. Msomaji kijana, usiyakubali maneno hayo kabla hujayapima.

Nusu yake ni kweli. Bustani inywayo maji ya watu ili kufurahisha macho ni dhuluma, ipendeze ipendezavyo. Lakini wasemaji hao hudhani kuwa uzuri na manufaa ni fahali wawili wasiokaa zizi moja. Hapo ndipo wanapokosea.

Tazama Chuo Kikuu cha Thammasat, nchini Thailand. Mwaka 2019, karibu na Bangkok, paa la jengo lake moja lilikamilishwa kwa umbo la matuta ya mpunga yashukayo ngazi kwa ngazi. Msanifu wake, Kotchakorn Voraakhom, hakuyachora kwa urembo tu. Mvua inyeshapo, matuta hupunguza mwendo wa maji, udongo hunywa, na yasaliayo hushuka mabwawani yakahifadhiwa. Mpunga na mboga huota pale pale macho yanapostarehe. Je, hekima hiyo ni ngeni kwetu? Wazee wa Milima ya Taita waliongoza maji kwa mifereji mashambani mwao zamani sana, bila ya chuo kikuu.

Sasa litazame paa la shule yako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 200, likinyeshewa milimita 50, hupokea lita 10,000. Nimeona shule ambayo maji hayo huchimba ua wake usiku, na asubuhi wanafunzi hubeba madumu. Huo ndio upuuzi!

Sikuambii urundike udongo juu ya mabati, yatakuangukia. Anza na mfereji ukingoni mwa paa, tangi, na kitalu chini yake. Watasema hakuna fedha. Wanawake wa Mraru walikuwa na fedha gani walipochanga kidogo kidogo, miaka ya 1970, hata wakanunua basi lao la kwendea Voi?

Paa likukingalo na mvua limefanya nusu ya kazi. Likikukingia maji limeimaliza. Kisha panda ua kando ya mboga, wala usimwombe mtu radhi.