Turbo ya kijana na swali la mama

Kijana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ana Subaru Impreza anayoipenda kupita kiasi. Mkewe alipokaribia kujifungua, aliamua kurudisha turbo ya kiwandani na kuuza ile kubwa aliyoifunga baadaye. Usiku akaandika tangazo kwenye simu: "Turbo imesukwa upya, haina shida yoyote." Asubuhi akamwonyesha mama yake.

Mama hajui magari, lakini ameuza mitumba miaka mingi.

"Haina shida yoyote, mwanangu? Fundi alibadilisha nini?"

Swali jepesi, jibu zito. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na shafti yake huelea kwenye utando mwembamba wa oili. Kuisuka kweli ni kubadilisha beringi na sili, kisha kupima balansi ya sehemu inayozunguka. Wengine huosha na kung'arisha tu, na kwenye picha zote zinafanana. Panga likikatika humo, vipande vinaweza kuingia kwenye injini ya mtu aliyekopa ili ainunue.

Kijana akakuna kichwa. Beringi na sili zilibadilishwa, risiti ipo. Balansi haikupimwa. Tena panga moja lina pengo dogo, na wakati wa kupiga picha alilificha upande wa ukutani.

Mama hakumgombeza. Alimwambia apige picha nyingine pengo likionekana, aandike yote.

"Bei itashuka, mama."

"Itashuka."

Ilishuka kweli, na pesa ya hospitali ikabidi shangazi aongezee.

Mnunuzi alikuja Jumamosi na tochi. Akasukuma shafti ndani na kuivuta nje, haikucheza. Upande kwa upande ilicheza kidogo, jambo la kawaida kwa beringi za aina ile zikiwa hazina oili. Akamulika kama mapanga yamekwaruza ganda, akaangalia pengo, akasema ataanza kwa kuipeleka kwenye balansi. Kijana akamkumbusha abadilishe na bomba la oili, maana likiwa limeziba, hata turbo mpya haidumu.

Wiki mbili baadaye mnunuzi akapiga simu. Kijana aliiangalia ikiita, akamwangalia mama yake, ndipo akapokea.

Alikuwa anauliza kama na rimu zinauzwa.