Mkopeshaji Asimame Nje

Mwezi huu tumependa tuzungumze habari za mikopo ya kwenye simu, maana ni jambo linalotajwa kwa sauti ya chini sana katika vikundi vyetu, na mambo ya sauti ya chini ndiyo yanayoumiza nyumba nyingi.

Zamani mtu aliyetaka kukopa alijifunga khanga akaenda kwa jirani, kwa mwenye duka, au kwa wenzake wa upatu. Ilimbidi aonane na mtu uso kwa uso, aeleze shida yake, na mkopeshaji naye amtazame na kumpima. Siku hizi mkopo unamfuata mama jikoni. Anashika simu usiku watoto wamelala, anabonyeza mara nne au tano, na kabla maji ya chai hayajachemka fedha zimeingia. Hakuna aliyemwona, wala aliyemwuliza neno.

Tusianze kwa kuwalaumu wanaokopa. Mama anayepika vitumbua pale Ngamiani, mama anayenunua samaki wa kukaanga katika soko la Deep Sea, na mwenzetu wa Mkinga au Pangani anayesubiri mwani wake ukauke ili auze, wote wana siku ambazo mtaji umekatika. Anachohitaji si milioni. Ni shilingi 30,000 za unga na mafuta, au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Benki haina habari naye. Programu ya simu inamwambia karibu. Nani asingeingia?

Lakini tuangalie mlango tunaoingilia. Programu nyingi za namna hii, kabla ya kutoa hata senti, humtaka mkopaji akubali zisome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, na nyingine hutaka na ujumbe wake na picha zake. Mama ana haraka, na maandishi mengine ni ya Kiingereza, basi anabonyeza "ruhusu" na kuendelea. Hakuweka rehani shamba wala cherehani, naye anafurahi kwamba amepewa mkopo bila dhamana. Dhamana ipo. Dhamana ni aibu yake. Siku akichelewa kulipa, mkopeshaji hatakuja kuchukua kiti wala kabati. Atawaandikia watu wote anaowaheshimu.

Jambo hili limetufikia katika umoja wetu wa akina mama. Siku moja mchana simu za wengi wetu zililia karibu kwa wakati mmoja. Ujumbe ulimtaja mwenzetu kwa jina lake kamili, ukamwita tapeli, ukatutaka tumwambie alipe, kana kwamba sisi ndio tuliomdhamini. Ujumbe huohuo ulikuwa umemfikia baba mkwe wake, mwalimu wa mtoto wake, na mwenye duka anakonunua sukari. Deni lenyewe halikufika shilingi laki moja, naye alikuwa amechelewa siku tatu. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani, na ile ya pili yake vilevile. Tulipokwenda kumwona tulimkuta amekonda, halali usiku, na presha imepanda. Alisema kuwa deni angelilipa, lakini hakujua atapitaje tena mbele ya mlango wa mkwewe.

Hapo tulikumbuka agizo moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mtu akimkopesha mwenzake, asiingie nyumbani mwake kwenda kujichukulia rehani. Asimame nje, na yule mwenye kukopa ndiye amletee. Ni sheria ya watu waliokaa zamani sana, lakini tazama hekima yake. Haikukataza kukopesha, wala haikusema deni lisilipwe. Ilisema tu kwamba maskini naye ana kizingiti, na mwenye fedha hana ruhusa ya kukivuka. Programu inayopekua majina yetu imevuka kizingiti. Imeingia ndani hadi chumbani, ikajichukulia yenyewe rehani inayoitaka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Majina yale yaliyomo katika simu si mali yetu peke yetu. Namba ya mchungaji ni ya mchungaji, na namba ya dada yako ni ya dada yako. Walikupa wewe ili muwasiliane, hawakukupa uwagawie watu wengine. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tulifundishwa tangu siku za kwanza chuoni kwamba faili la mgonjwa halisomwi na kila apitaye wodini. Mgonjwa alisema habari zake kwa sababu alituamini. Basi na simu tuione hivyo hivyo: ni faili la watu wengi waliotuamini.

Tupige na hesabu kidogo. Tuchukue mfano wa mama aliyeomba shilingi 50,000. Wakopeshaji wengine hukata gharama zao mwanzoni, hivyo anapokea 35,000, na baada ya siku saba anatakiwa kurudisha 50,000 kamili. Amelipa 15,000 kwa kutumia 35,000 wiki moja. Hiyo ni karibu asilimia 43 kwa wiki. Benki Kuu imewaagiza wakopeshaji wa daraja hili wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 50,000 hiyo ni shilingi 1,750 kwa mwezi mzima. Watu wa mitaani hawakukosea walipoiita mikopo ya namna hii "kausha damu". Majirani zetu Waislamu, ambao tunakaa nao nyumba kwa nyumba hapa pwani, wana mafundisho makali juu ya riba, na katika hili tunaweza kuketi nao jamvi moja.

Je, Serikali imekaa kimya? Hapana, na ni vizuri tujue ilivyofanya, maana sheria usiyoijua haikusaidii. Mwaka 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyowapanga watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, na humo ndimo wanamoingia wakopeshaji wa kwenye simu. La tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mkopeshaji wa daraja la pili hana budi kuwa na leseni ya Benki Kuu.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na ikaundwa Tume ya kuisimamia. Kwa sheria hiyo, mtu hachukui habari zako na kuzitumia apendavyo. Ni lazima awe na sababu ya halali, akueleze anazitaka kwa kazi gani, na azitumie kwa kazi hiyo tu. Aliyetendewa kinyume anaweza kulalamika mbele ya Tume. Kabla ya hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikwisha kukataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha na kumsumbua. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, ikawaonya wananchi wasiyatumie.

Wenzetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Horohoro, walitangulia kidogo. Bunge lao lilibadili sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na zikawakataza kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Hata kampuni ya Google ya Marekani, ambayo simu nyingi huchukua programu katika duka lake, ilikataza kuanzia mwisho wa Mei 2023 programu za mikopo zisiombe kusoma majina wala picha. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ndivyo teknolojia ilivyo. Teknolojia hufanya kile ilichoruhusiwa na watu.

Maoni yetu ni haya. Tunaishukuru Serikali kwa orodha ile ya 69, lakini programu hubadili jina upesi kuliko mtu anavyobadili khanga. Kufunga peke yake hakutoshi ikiwa mama wa vitumbua hajui pa kwenda kesho. Halmashauri zimewekewa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Tungependa kuona maofisa maendeleo ya jamii wakifika hadi vijiji vya mwambao na kuwaeleza akina mama kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kuandikisha kikundi na kuomba. Mlango wa halali ukiwa mwembamba na wa mbali, watu watapita dirishani.

Sasa, akina mama, tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kukopa kwa mtu yeyote, ulizia kama ana leseni. Benki Kuu hutoa orodha ya waliosajiliwa. Kama huwezi kuitafuta mwenyewe, mwombe kijana wako akutafutie.

Pili, programu ikikuomba majina, picha au ujumbe, kataa. Ikisema haikupi mkopo bila hivyo, iache. Umekwisha kujua nia yake.

Tatu, uliza mambo matatu: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha ngapi, na lini. Yaandike kwenye karatasi. Ukiona tofauti ni kubwa, lala kwanza, uamue asubuhi.

Nne, usikope kwa huyu ili umlipe yule. Hapo ndipo deni la elfu thelathini linapozaa la laki tatu.

Tano, ukitishwa au kutukanwa kwa ujumbe, usiufute. Utunze, ndio ushahidi wako. Peleka malalamiko polisi, Benki Kuu, au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba za matapeli wanaojifanya watoa mikopo zitume kwa ujumbe kwenda 15040. Pia bonyeza *106# ujue kama kuna mtu mwingine aliyesajili laini kwa kitambulisho chako.

Sita, na hili ni kwa sisi tunaopokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mwenzetu. Usiuonyeshe jirani wala usiupeleke kwenye kundi la kwaya. Mkopeshaji anategemea mdomo wako. Ukinyamaza, umemnyang'anya fimbo yake. Mfuate mwenzako nyumbani, ukae naye, umwulize amebakiwa na kiasi gani. Deni la watu ishirini wakichanga elfu mbilimbili huwa jepesi, naye atarudisha polepole kwenye kikundi.

Kuna akina mama watakaosema, "Nilikopa kwa siri kwa sababu mume wangu angenifokea." Tunalielewa hilo. Lakini siri ya mkopo wa simu ina siku chache za kuishi, na baba akiipata kwa ujumbe wa mtu baki huumia zaidi kuliko angeambiwa na mkewe. Chagua saa ya utulivu, umweleze. Wapo pia wanaokopa kwa sababu baba haachi matumizi. Kwa nyumba kama hiyo tunasema wazi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Mama asibebe peke yake kwa mkopo wa riba mzigo ambao sheria na Maandiko vimeuweka juu ya wawili. Zungumzeni, na ikishindikana wahusisheni wazee wa familia au mchungaji.

Nehemia, alipoona watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ajili ya chakula, hakuishia kuwaombea. Aliwaita wakubwa waliotoza riba, akawakemea mbele ya mkutano, nao wakarudisha walichochukua. Sala na sheria zilikwenda pamoja. Nasi tuwaombee wenzetu wenye madeni, na tuwaulize madiwani na wabunge wetu wamefanya nini juu ya jambo hili. Tena kila kikundi kiweke akiba ndogo ya dharura, hata ya shilingi mia tano kwa wiki kwa kila mmoja, ili mama mwenye mtoto mgonjwa usiku apate pa kubisha hodi.

Mungu azibariki nyumba zenu.