NANI KAWAAMBIA MTU WA MIAKA 40 KACHELEWA? NENDENI RUFIJI MKAONE MLAU

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kila wiki anaposti gari lake na kuandika kwamba ukifika miaka 30 huna kitu, umeshafeli maisha. Watu wanamwaga makopakopa. Hakuna anayemuuliza: miaka 30 ya nani?

Kijana wa Kibiti aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2017 anaujua mwaka ule. Aprili 13 waliuawa askari polisi 8 kwa mpigo kule Jaribu. Viongozi wa vijiji walikuwa wanafuatwa majumbani na kupigwa risasi. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Aliyekuwa anakula kwa pikipiki akakaa. Wengine wakahama. Aprili 2024 yakaja mafuriko, Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikaenda na maji. Huyo naye apimwe kwa saa ya mtu wa Masaki?

Ukweli usemwe, si kila mtu alipotezewa miaka. Wapo walioichezea wenyewe: pombe, bangi, kubeti, kuzurura mjini huku nyumbani mama anasubiri hata elfu kumi. Hao hawana wa kumlaumu. Lakini anayewacheka anapata nini? Mtu ana miaka 40, ameamka, anataka kuanza, halafu unamwambia "ulikuwa wapi siku zote?" Ile 20 ya kwanza kaipoteza mwenyewe. Akikata tamaa kwa maneno hayo, inayofuata na wewe umeshiriki kuipoteza.

Wazee wa bonde la Rufiji wana kilimo kinaitwa mlau. Maji yakishaondoka na mpunga, hawakai kuhesabu magunia ambayo hayapo. Yanapoanza kushuka tu, wanayafuata nyumanyuma, wanapanda mahindi kwenye unyevu uliobaki. Mlau haurudishi mpunga uliokwenda, na hakuna anayejidanganya hivyo. Ila watoto wanakula. Halafu mlau una muda wake: ukisubiri ardhi ikauke ndo uanze, umekosa na huo.

Hilo ndo tumaini. Siyo kukaa kijiweni kusema "ipo siku" wakati jembe liko uvunguni. Mtu anayesema ana tumaini aulizwe leo amepanda nini.

Na pa kupanda papo. Novemba 2021 serikali iliruhusu walioacha shule warudi, hata mabinti waliopata ujauzito. Aliyeishia la saba na umri umekwenda, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, upo mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT. Akifaulu anaweza kukaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama wa Nyamisati akionekana na daftari kwapani na mjukuu mgongoni, mjinga ni yule anayecheka.

Miaka iliyopotea haitarudi, na anayemwambia mtu itarudi ni tapeli. Lakini anayesema iliyobaki haina faida, huyo ni mbaya zaidi ya tapeli, maana tapeli huchukua hela tu.

Staa naye aifute ile posti. Hajachelewa.

Wadau mnasemaje?